Baba mkwe anataka namba moja Google kabla ya ruracio

Mama, salamu kutoka Umoja.

Naomba jina langu usilichapishe. Mchumba wangu husoma safu yako, na dada zake pia. Nimebadilisha vitu vidogo vidogo ili nisijulikane.

Nina miaka 31. Kazi yangu ni SEO, yaani nasaidia tovuti za watu zipatikane mtu anapotafuta kitu kwenye Google. Nimeifanya miaka sita: minne nikiwa nimeajiriwa na kampuni ya matangazo hapa mjini, miwili nikijitegemea. Nina wateja watano wa kudumu, akiwemo daktari wa meno, watu wa kuchimba visima na mama mmoja anayeshona sare za shule. Mwezi mzuri napata kama shilingi 140,000. Mwezi mbaya, 45,000. PIN ya KRA, namba ya mlipa kodi, ninayo na ritani nafaili kila mwaka.

Shida ni kwamba hakuna anayejua ninachofanya. Mama mboga wa ploti yetu aliniuliza kwa upole, "Kijana, na wewe kazi huenda saa ngapi?" Shangazi yangu aliniletea printa iliyokwama karatasi kwa sababu mimi ni mtu wa kompyuta. Daktari wa meno mwenyewe, ambaye ananilipa, aliniambia juzi kwamba nikimaliza mwezi huu inatosha, SEO ikishawekwa imewekwa. Kaka yangu anasema AI imeshaiua kazi hii, ni vile tu sijaambiwa.

Yote hayo nimezoea. Lakini mwezi uliopita tulienda kwa kina mchumba wangu, Thika, kujitambulisha kabla ya ruracio, siku ya kupeleka mahari. Baba yake mdogo akauliza nafanya kazi gani. Nikasema, "Naweka watu juu kwenye Google." Akanitazama, akauliza, "Na hao Google huwa unawapa ngapi?" Mwingine akadakia kutoka kwenye kochi: "Si hii ndiyo ile wash wash?" Yaani utapeli wa pesa. Nyumba nzima ikacheka. Mzee mwenyewe, baba wa msichana, hakucheka.

Mzee ana duka la spea za magari Kirinyaga Road, Nairobi, tangu 1994. Baada ya chakula aliniita kando, tukasimama chini ya mparachichi. Akaniambia mwaka juzi kijana mmoja mwenye laptopu alichukua kwake 35,000 amweke kwenye Google, na hadi leo simu yake haishiki. Kisha akasema: "Ruracio ni mwisho wa mwezi ujao. Siku hiyo nikiandika 'spea za Toyota Nairobi', nataka nione duka langu la kwanza. Nikiliona, nitajua binti yangu ana mtu mwenye kazi." Nikaitikia, Mama. Nilisema sawa.

Sasa niko hapa na wiki sita. Rafiki niliyefanya naye kazi zamani ananiuzia maoni 60 ya nyota tano na viungo, yaani linki za kutoka tovuti nyingine zinazoelekeza kwa mzee, vyote kwa 8,000. Mchumba wangu yeye amechoka, anasema, "Waambie tu uko IT kwa benki, yaishe." Na kuna njia ya tatu ambayo sijamwambia mtu. Siku moja nilipita pale dukani nikatafuta kwa simu nikiwa mlangoni, na duka la mzee likatokea la pili kwenye ramani. Google huangalia mtu yuko wapi. Nikirekebisha vitu vichache, mzee akitafuta akiwa kwenye kaunta yake, kuna uwezekano mkubwa ajione wa kwanza. Akitafuta akiwa Thika hatajiona hata ukurasa wa tatu. Yeye hajui tofauti hiyo. Mimi naijua.

Kinachoniuma ni kuonekana mwizi wakati kazi yenyewe naifanya. Yule mama wa sare alikaa miezi minane tovuti yake haionekani popote. Nilipoichungulia ndani nikakuta mstari mmoja tu, ulioachwa na aliyeitengeneza, unaoiambia Google isiorodheshe kurasa zake. Nikaufuta. Picha zake zilikuwa nzito, kila moja MB 6, mzazi mwenye data ya 20 bob angechoka kusubiri. Na alikuwa ameandika kila mahali "mavazi rasmi ya wanafunzi" wakati wazazi huandika "sweta ya shule bei". Januari iliyofuata aliongeza mafundi wawili. Lakini hayo nani atayasikiliza? Hata kadi yangu ya biashara nimeiandika kwa herufi kubwa, TUKUPELEKE NAMBA 1 GOOGLE, nikidhani hapo watu wataelewa. Wapi.

Nifanye nini?

Mtu wa Laptopu, Umoja

*

Mwanangu,

Niruhusu nicheke kwanza. Umebadilisha vitu vidogo vidogo, halafu umeniachia mparachichi, Kirinyaga Road na mzee aliyeulizia Google mbele ya ruracio. Nimefuta mawili matatu zaidi, lakini kama huyo msichana anasoma safu hii, atakujua kabla hajafika aya ya tatu. Ongea naye leo, kabla gazeti halijaongea.

Nikikusoma vizuri, una mambo mawili ambayo umeyafunga kwenye furushi moja. Moja ni kwamba watu hawaijui kazi yako na wanaidhania ubaya. La pili ni kwamba umekubali mtihani ambao unajua huwezi kuupita kwa njia iliyonyooka, na sasa unapima utapita kwa njia ipi iliyopinda kidogo. La kwanza ndilo linalokuuma, lakini nadhani la pili ndilo linalokunyima usingizi. Na la pili halikuletwa na kina baba mdogo. Pale chini ya mti ulikuwa wewe na mzee tu, na neno "sawa" lilitoka kwako.

Sikulaumu. Mkwe mtarajiwa akiulizwa na mzee saa nane mchana, tumbo likiwa limejaa chakula cha nyumba hiyo, hata angeambiwa alete simba angeitikia.

Lakini hebu tuiangalie ile dhana yako kwamba shida ni watu kutoelewa SEO. Mji huu umejaa watu ambao kazi zao hazieleweki. Mimi nina jirani ambaye husema yuko "klearing na fowading", na katika miaka kumi na miwili sijajua anakliari nini. Alioa, akabatiza watoto, hakuna aliyemwita mwizi. Kutoeleweka peke yake hakumzuii mtu kuheshimiwa. Mzee wako pia hakukuuliza SEO ni nini. Alikwambia kwamba aliibiwa 35,000 na mtu anayefanana na wewe. Tena hakukwambia mbele ya ndugu zake waliokuwa wakicheka, alikuita kando. Umeyaandika hayo kwa sentensi moja, ukakimbilia mtihani. Je, ulimuuliza mzee yule kijana alimwahidi nini hasa?

Nakuuliza kwa sababu kabla ya kukujibu nilienda kusoma mwongozo ambao Google wenyewe wamewaandikia wafanyabiashara wanaotaka kuajiri mtu wa kazi yako. Kumbe kazi hiyo wanaitambua, na wanasema mtu mzuri anaweza kukusaidia. Wanaeleza kwamba nafasi kwenye matokeo ya kawaida haiuzwi. Kinacholipiwa ni tangazo, nalo huwekewa alama ya tangazo. Hapo baba mdogo na swali lake la "unawapa ngapi" amejibiwa. Wanasema matunda huanza kuonekana, kwa kawaida, kati ya miezi minne na mwaka. Wewe umepewa wiki sita. Halafu wanasema jambo ambalo lilinifanya niweke miwani mezani: hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia namba moja, na anayekuahidi hivyo mwepuke.

Kwa hivyo dalili ambayo Google wanawapa watu ya kumtambua tapeli ni ahadi ya namba moja. Ndiyo ahadi mzee aliyokuomba chini ya mparachichi. Ndiyo, nadhani, aliyouziwa na yule kijana. Na ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kadi yako.

Usinikasirikie. Najua kwa nini uliandika vile: kila mtu mjini anaandika vile. Pita tu uangalie vibandiko kwenye nguzo za stima, mganga anarudisha mume kwa siku tatu na kupandisha biashara siku hiyo hiyo. Mteja ameshazoeshwa ahadi kubwa, na mwenye kusema "nitajaribu, itachukua miezi sita" anaonekana hajui kazi. Lakini ukichukua lugha ya mganga, usishangae watu wakikutafuta tunguri mkononi.

Hili jina baya pia halikuanzia Thika. Kazi yenu ina historia yake, na wewe unaijua kuliko mimi. Zamani watu waliandika maneno meupe juu ya ukurasa mweupe wa tovuti, msomaji asiyaone ila mashine ya Google iyasome. Mwaka 2006 Google waliiondoa tovuti ya BMW ya Ujerumani kwenye matokeo yao kwa kuwa mashine ilikuwa ikionyeshwa ukurasa mmoja na binadamu akionyeshwa mwingine. Mwaka 2011 gazeti la New York Times lilifichua jinsi duka kubwa la Marekani, JC Penney, lilivyokuwa likitokea juu kwa msaada wa maelfu ya viungo kutoka tovuti zisizohusiana nalo kabisa, nalo likateremshwa. Mwaka uliofuata Google wakatoa ule mfumo walioupa jina la ndege, Penguin, kuwasaka wanaonunua viungo. Yule aliyeropoka kwenye kochi alikosea kukuhusu wewe, lakini hakulitoa wazo lake hewani.

Basi tuziangalie hizo njia zako.

Ya rafiki wa 8,000 umeshaijua harufu yake, ndiyo maana umeiandika kwa haraka. Mimi nakukumbusha tu jina litakalokuwa pale. Maoni 60 ya watu ambao hawajawahi kununua hata nati yatakaa chini ya jina la mzee. Watu hawa wa kuuza nyota hata hawasomi wanachobandika. Utakuta mtu amesifu duka la spea kwa chakula kitamu. Google wakigundua huyafuta, wanaweza kuzuia maoni mapya yasiingie kwa muda, na wanaweza kuweka ilani hadharani kwamba duka hili limeondolewa maoni ya uongo. Mzee amekaa mtaa ule tangu 1994. Ilani hiyo itasomwa kwanza na jirani yake wa mlango wa pili.

Ya benki sitaisema sana, maana katika ukoo wowote wa Thika hakosi mtu mwenye mpwa katika benki yoyote utakayoitaja. Ila nakuomba usimsikie mchumba wako vibaya. Inawezekana anakuonea haya. Inawezekana pia amechoka tu, kwa sababu wewe uliulizwa siku moja na yeye anaulizwa na shangazi zake kila wiki, na hana cha kuwajibu. Hayo ni mambo mawili tofauti na huwezi kujua ni lipi bila kumuuliza. Tena ukimuuliza, mtajie na ule mwezi wa 45,000. Mimi umeniambia mstari wa tano. Yeye anajua? Maana mzee aliposema "mtu mwenye kazi", sidhani alikuwa anawaza Google. Mzazi akisema hivyo huwa anawaza kodi ya nyumba na mtoto akiugua usiku. Hapo ndipo swali la kaka yako kuhusu AI lina mahali pake pia. Google sasa mara nyingi huweka jibu lililoandikwa na AI juu kabisa, na kuna watu wanaoridhika nalo wasibofye kitu. Hilo ni la kuzungumza nyinyi wawili, kwa hesabu na daftari. Baba mdogo halimhusu.

Sasa ile njia ya tatu. Hapa nilikaa na barua yako mpaka chai ikapoa.

Ni jaribu la mtu mwenye akili, kwa sababu hakuna uongo utakaotoka mdomoni mwako. Google husema wazi kwamba matokeo ya maduka yaliyo karibu huangalia mambo kama umbali, duka linavyolingana na kilichotafutwa, na linavyojulikana. Mzee atasimama kwenye kaunta, ataandika maneno yake, atajiona juu, na kila atakachokiona kitakuwa kweli. Kuna watakaokwambia mtihani ni mtihani, yeye ndiye aliyeutunga. Sina ubishi nao mkubwa. Nakuonyesha tu yanayoweza kufuata. Jioni hiyo mzee, kwa furaha, atampigia ndugu yake Thika: "Tafuta uone." Ndugu atatafuta. Hilo ni moja. La pili nalihofia zaidi, nalo ni kwamba mambo yakuendee vizuri. Mzee aamini, akutangaze, na wiki ya pili upigiwe simu na nusu ya Kirinyaga Road, kila mmoja akitaka awe wa kwanza kwa maneno yale yale. Mtaa mzima wa spea na nafasi ya kwanza ni moja. Hao wengine utawaambia nini, na mzee akiwa anasikia?

Kuna jambo lingine kwenye barua yako ambalo wewe umelipita kama aliyepita kituo chake. Yule mama wa sare. Katika maneno yote uliyoniandikia, pale tu ndipo nilipoielewa kazi yako bila kujikaza. Mstari mmoja uliosahaulika unafunga duka zima. Picha nzito kwa mzazi wa data ya 20 bob. "Mavazi rasmi ya wanafunzi" na "sweta ya shule bei". Mwanangu, mbona hukumwambia baba mdogo hiyo? Kwa nini ulipoulizwa kazi yako ulitoa kauli ya kadi?

Na mzee ndiye angeielewa kuliko wote. Ameuza spea miaka thelathini. Ameona gari la mamilioni likikataa kuwaka kwa sababu ya fyuzi ya shilingi hamsini. Anajua kwamba kitu kilichoandikwa kwa nambari ndefu kwenye boksi, mteja akija anakiita "kile kidude cha chini kinachogonga". Kazi yake ya kila siku ni kumpeleka mtu kutoka jina la mtaani hadi kwenye boksi sahihi. Wewe je, unafanya nini tofauti?

Ukiona inafaa, unaweza kwenda dukani kwake Jumamosi moja, laptopu ukaiacha nyumbani. Ukae kwenye stuli usikilize wateja wanauliza vipi: wanasema "spea za Toyota", au wanasema "taa ya mbele ya Probox" na "breki pedi za Vitz bei gani"? Nina shaka kama kuna anayeandika yale maneno ya mzee isipokuwa mzee mwenyewe. Uangalie alama ya duka kwenye ramani imesimama kwenye mlango wake au ng'ambo ya barabara, namba ya simu iliyoko ni ya sasa au ya laini iliyopotea, saa za kufungua ni zipi. Halafu umwambie ukweli kuhusu ile "sawa" yako. Kwamba uliitikia kwa woga. Kwamba anayeahidi namba moja ndiye wa kuogopwa, na kwamba hayo wameyaandika Google wenyewe, anaweza kuyasoma. Akitaka kuonekana haraka kuna matangazo ya kulipia, yanayokata pesa kila mtu anapobofya na kuzimika pesa zikiisha, achague akijua.

Nisikufiche hatari za njia hii pia. Mzee anaweza kusema, "Kumbe kazi yenyewe ni kuandika ubao." Anaweza kukasirika kwamba umerudi nyuma, na ruracio ikasogezwa. Au anaweza kupendezwa mno, ukajikuta mkwe wa kufanya kazi bure hadi uzeeni, na siku duka likidorora lawama ikaja mezani Krismasi. Kuna wakwe wanaoelewana vizuri kwa sababu hawajawahi kufanya biashara pamoja. Ukiingia, sema mapema utafanya nini, kwa muda gani, na kama ni zawadi au ni kazi ya malipo. Ukiona ni bora usiliguse duka lake kabisa, umpe tu namba ya mama wa sare aongee naye, hiyo pia ni njia.

Daktari wa meno nilitaka kumsahau. Muulize kama yeye huwaambia wagonjwa wake wapige mswaki mara moja, ikishapigwa imepigwa.

Sitakuchagulia, kwa sababu mimi sitakaa kwenye hilo kochi la Thika na wewe utakaa. Niandikie baada ya kuongea na msichana, kisha baada ya kuongea na mzee, kwa mpangilio huo kama utaweza. Na uniambie, hizo kadi ulichapisha ngapi? Zimebaki ngapi kwenye boksi?